Mkono Kando ya Kidonda

Nilikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani asiye na mguu ni mtu wa kuitazama mashine yake tu. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari ya kidonda changu huniuliza kwanza kama kiliuma sana. Kiliuma, ndiyo, lakini maumivu hayakunitisha. Mashine yangu ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Niliiweka kwenye baraza ya duka la vitambaa pale Bunia, na kila nilichokula katika mji ule kilitoka kwenye kanyagio lile.

Kidonda kilikuja na mvua, miaka ya themanini ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Upepo uling'oa bati la jirani, bati likashuka uani kwangu na kunichana muundi wa mguu wa kulia nikiwa nakimbia kuanua nguo za wateja. Nguo nilizianua zote. Mguu niliufunga kitambaa, kesho yake nikarudi kushona, kwa kuwa Noeli ilikuwa karibu na kila mwanamke wa mji alitaka gauni lake liwe tayari kabla ya gauni la mwenzake. Kufika Pasaka kidonda kilikuwa bado wazi. Kilikuwa kimepanuka, kingo zake ngumu na za kijivu, kinatoa maji siku nzima. Ngozi iliyokizunguka ilikuwa imekufa ganzi. Niliichoma kwa sindano ya kushonea, kwa hasira tu, nione. Sikusikia kitu.

Hakukuwa na mtu wa kunikemea kwa hilo. Mimi ni mtu wa upande wa Mahagi, wa kule ziwani. Mume aliyenileta Bunia aliniwekea sanduku langu mlangoni kwa sababu hatukupata mtoto, akaoa mwingine, na yule mwingine akaanza kuzaa upesi upesi kana kwamba ananikomoa. Wazazi wangu walikuwa wamekufa. Kaka zangu walivuka ziwa kwenda kuvua ng'ambo na hawakuleta habari tena. Nilijifunza kushona kwa masista, nikapanga chumba, nikajifunza pia kupika chakula cha mtu mmoja bila kubakiza. Wanawake wa uani waliitwa kwa majina ya watoto wao, mama wa fulani na mama wa fulani. Mimi waliniita mama tu, kisha wakanyamaza kidogo, kama wanaotafuta la kuongeza.

Daktari wa hospitali alikitazama kidonda kwa muda mrefu.

"Nyama mupya haioti," alisema. "Kama haioti, sumu itaingia ku mufupa. Ikiingia, tutakata hapa."

Akaweka kiganja chini kidogo ya goti langu, sawasawa na ninavyopima pindo la suruali. Nilitaka kumpiga kofi. Akaendelea kusema kwamba yeye anaondoka kwenda kuzungukia zahanati za milimani, upande wa Kpandroma, na kwamba mpaka arudi nilale pale hospitalini na tujaribu taa ya sista. Nyama ikiota, mguu unabaki. Isipoota, basi.

Taa yenyewe ilikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya wodi ya wanawake. Ilisimama juu ya chuma chenye magurudumu, na shingo yake ilikunjika mtu alivyotaka. Kichwani ilikuwa na kofia ya bati na balbu nyekundu ndani yake. Ilitoa mwanga mdogo na joto kubwa. Ilikuja na sista mmoja wa Ulaya, mrefu, mwenye viatu vya raba na Kiswahili cha darasani. Yeye aliita miale ile infrarouge. Wagonjwa waliita taa hiyo jua ya masera, maana masera ndivyo tulivyowaita masista, na jina hilo likashinda la kwake.

Alinieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Joto hili, alisema, linapita juu ya ngozi na kuingia chini yake, linafungua njia za damu, na damu ndiyo inayoleta vifaa vya kujengea nyama. Kidonda changu kilikuwa kiwanja ambacho mafundi hawafiki. Kinasafishwa kwanza, kinaachwa wazi, taa inawekwa mbali kidogo, kama urefu wa mkono, mpaka kengele ndogo ya saa ilie. Halafu kinafungwa kwa chachi yenye mafuta. Kila asubuhi, wakati mashine ya umeme ya hospitali inapowaka kwa ajili ya chumba cha upasuaji.

"Garde yako iko wapi?" akauliza.

Garde ni mtu wako. Kule kwetu huendi kulala hospitali bila mtu wako. Ndiye anayekupikia kwenye kibanda cha nyuma, anayekufulia, anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda chako, anayekimbia kumwita mwuguzi. Mgonjwa bila garde ni kitu ambacho hata wauguzi hawakijui namna ya kukiandika.

"Sina, masera."

"Mama yako?"

"Alikufa."

"Dada? Mutoto?"

Alipofika kwenye mtoto nilimjibu kwa ukali, akaona haya. Lakini hakulegeza kamba. Alisema taa ile haifanyi kazi bila garde, na akanionyesha sababu: ngozi yangu haikuwa inasikia joto. Taa ikisogea karibu, mimi ningelala tu pale na kuungua bila kujua. Ilikuwa imetokea kwa mgonjwa mwingine aliyeachwa peke yake, akasinzia. Tangu siku hiyo sista aliweka sheria: garde anakaa kwenye kigoda na kuweka mkono wake kando ya kidonda, chini ya mwanga ule ule, muda wote. Mkono wake ukisikia moto, anasogeza taa. Mkono wa mtu mzima unasikia kwa niaba ya ngozi iliyokufa. Hakuna mkono, hakuna taa.

Niliona ni sheria nzuri kwa watu wenye watu. Nilimlipa msichana wa uani kwangu aje asubuhi. Alikuja, akakaa, akapiga miayo, akaja tena mara moja, kisha akapata shughuli nyingine. Nikakaa kwenye benchi nje ya chumba cha taa nikiwaangalia wengine wakiingia wawili wawili, mgonjwa na garde wake. Nilijua daktari yuko njiani kurudi, leo au juma lijalo. Niliuangalia mguu wangu na kuwaza mashine yangu kwenye baraza imefunikwa gunia, na nililia, mchana kweupe, mbele ya watu.

Mama mmoja mzee alikuwa anafua shuka kwenye bomba lililokuwa karibu na benchi. Nilikuwa nimemwona. Kila mtu alikuwa amemwona, na watu wa kibandani walimtania kwamba ni garde asiye na mgonjwa. Mume wake aliletwa kwa lori toka Gety, akafia wodi ya wanaume, akazikwa pale pale Bunia kwa kuwa mvua ilikuwa imekata barabara. Mazishi yalikwisha na yeye akabaki, analala kibandani, anafua ile shuka ya marehemu ambayo ilikuwa safi tangu zamani. Kwao mjane harudi nyumbani peke yake. Lazima mtu wa upande wa mume aje amchukue, atangulie mbele yake mpaka mlangoni. Alikuwa ametuma habari kwa kila lori linaloelekea kusini. Hakuna aliyekuja.

Alikamua shuka, akaniuliza bila hata kunisalimu:

"Weye, nani iko anakupikia?"

"Hakuna mutu."

"Na mi sina mutu ya kupikia," akasema. "Simama, twende."

Ndivyo nilivyompata. Aliingia chumba cha taa, akamsikiliza sista, akakalia kigoda, akaweka kiganja chake kando ya muundi wangu na hakukitoa mpaka kengele ilipolia. Siku ya pili alikuja na kopo la maharage yaliyobaki jana. Akaliweka kwenye ukingo wa kitanda, pale mwanga ulipomwagika, ili yapate moto. Sista alipoingia alipiga kelele kwa Kifaransa. Mama mzee akamjibu kwa utulivu kwamba moto ni moto, na kuuacha upotee bure ni dhambi. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Sikumbuki kama nilikuwa nimecheka kabla ya hapo mwaka ule.

Sitasema kwamba tulielewana kila kitu. Alikuwa na ugomvi mdomoni kama mimi. Aliniambia chumvi yangu ni mbaya, nikamwambia bugali yake ina mabonge. Lakini asubuhi ile saa ya taa, mkono wake ukiwa pale, nilisahau kuhesabu mabati ya dari. Ngozi yangu haikuusikia mkono huo. Niliuona tu. Na kuuona kulitosha.

Kisha sehemu ya chini ya kidonda ikaanza kubadilika. Ilikuwa nyeupe asubuhi moja, na kesho yake ilikuwa na lengelenge. Sista alikunja uso, akawasha taa kama tulivyokuwa tunaiweka siku zote, akaingiza mkono wake mwenyewe kando ya mkono wa mama mzee. Akauchomoa pale pale.

"Hii ni moto! Moto sana! Weye husikii?"

"Mi nasikia ni vuguvugu tu, masera."

Sista akakishika kile kiganja, akakigeuza juu. Hapo ndipo sisi sote tulipokitazama kwa mara ya kwanza. Mama yule alikuwa mpishi wa matanga na harusi za Gety tangu usichana wake. Alikuwa ameinua vyungu toka mafigani bila kitambaa, amegeuza mihogo kwenye makaa kwa vidole, kwa maisha yote ya mtu. Kiganja kilikuwa kigumu na chenye kung'aa, hata mistari haikuonekana. Kwao mwanamke anayetafuta kitambaa cha kushikia chungu huchekwa. Mkono ule ulikuwa sifa yake, na ndio uliokuwa umesikia kwa niaba ya mguu wangu, siku zote hizo, na kuniunguza.

Sista alimtoa nje. Hakumtukana, ila alimtoa. Akaniambia kuna msichana wa kitanda cha nne, garde wa shangazi yake, mwenye mikono laini, na kwamba kuanzia kesho huyo atanisaidia.

Kibandani habari ilishafika. Nilisikia wanawake wakisema kwa sauti ile ya chini inayotaka kusikika kwamba mume alifia mikononi mwake na sasa ni mguu wa watu. Niliwatukana. Nilikuwa na hasira na sista, na mama mzee, na bati la jirani, na hasira kuliko zote ilikuwa kwamba msichana wa mikono laini alinifaa kabisa na mimi sikumtaka. Mguu ulikuwa wangu, daktari alikuwa njiani, na bado nilimtaka mtu aliyeniunguza.

Nilimkuta anafunga kifurushi chake.

"Unaenda wapi?"

"Kwetu. Kwa muguu."

"Peke yako? Si ulisema mujane haendi peke yake?"

"Batu ya kwetu habakukuja. Na hapa niko na kazi gani? Mukono yangu imekufa. Inajua kutoa chungu ku moto, haijue kuchunga mutu."

"Basi tafuta nafasi nyingine ku mwili yako!" nilimfokea. "Mwili yote haiwezi kuwa imekufa! Uniunguze halafu ukimbie? Ni adabu gani ile?"

Alinitazama kwa muda. Nilifikiri atanipiga na mimi ningekubali. Badala yake akaweka kifurushi chini, akapandisha mkono wa gauni lake.

"Maji ya kuoga mutoto, weye unapima na nini?"

Niliona kama amenichoma kusudi. "Sijui," nilimwambia. "Sijamwogesha mutoto hata mara moja. Nani angenifundisha?"

Hakuomba radhi. Alinishika kidole na kukiweka upande wa ndani wa kiwiko chake, pale mkono unapojikunja. Ngozi ya pale ilikuwa laini kabisa, nyembamba, ya mtu mwingine. Akasema chungu hakifiki pale, jembe halifiki pale, na kila mama anayejua kazi hupima maji ya mtoto kwa pale kabla ya kumtia kwenye beseni. Alikuwa amewapima wote wa kwake kwa pale, waliopona na wasiopona.

Tulirudi kwa sista tukiwa wawili, mimi nachechemea mbele, tayari kwa vita. Sista hakutaka vita. Alileta mabeseni ya maji, akayachanganya mwenyewe mara kadhaa, akampa mama mzee ayajaribu kwa kiwiko huku uso umegeuzwa ukutani. Mama akataja lipi ni la moto, lipi la vuguvugu, lipi lina moto kidogo kuliko la mwanzo, na hakukosea. Sista akajaribu kwa kiwiko chake. Akaitikia kwa kichwa na kusema, "Bon," yaani vyema.

Ila kiwiko si kiganja. Kuweka kiwiko kando ya muundi wa mtu ilimlazimu ajikunje, kichwa chake kikaribie goti langu na kitambaa chake cha kichwani kiguse paja. Alikaa hivyo kila asubuhi mpaka kengele. Mgongo ulimuuma, alilalamika, akaendelea. Katika hali hiyo alinisimulia mume wake: namna alivyokoroma, namna alivyokuwa mvivu wa palizi na hodari wa maneno, namna alivyomwomba, siku ya mwisho, ndizi ambayo mwuguzi alimkataza, na yeye akamtii mwuguzi. Jambo la ndizi alilirudia mara nyingi.

Lengelenge likakauka. Halafu asubuhi moja sista aliinama juu ya kidonda na kutuita tuangalie. Katikati ya ule weupe kulikuwa na chembe nyekundu, ndogo ndogo, zenye unyevu. Ilikuwa nyama. Siku baada ya siku chembe zikaungana, na kingo za kijivu zikaanza kulegea na kuingia ndani. Daktari aliporudi toka milimani alikibonyeza huku na huku, akasema mguu unabaki. Akaenda kitanda kingine. Nilishika mkono wa mama mzee na kuubusu, ule ule mgumu, akanivuta sikio akisema nimepata wazimu.

Kidonda kilikuwa kimebaki upana wa sarafu wakati mtu wa Gety alipofika. Alikuwa shemeji yake, mtu mpole mwenye koti kubwa, barabara ilikuwa imefunguka na lori lilikuwa linaondoka mchana ule ule. Nilimsikia mama akimwambia mlangoni:

"Siwezi kuacha mutu hasikie moto. Ungoje. Kama bado hasikie, uende, utarudi kuchukua mi juma ingine."

Shemeji akakaa kwenye benchi, kofia magotini. Sisi tukaingia. Sista akawasha taa, akatega saa, akatoka. Mama akajikunja mahali pake, na nikaanza kupanga moyoni juma lile jingine: nitampikia nini, nitamshonea gauni jeusi la mjane, nitamwonyesha mashine yangu, mji, soko.

Ndipo niliposikia joto. Kwanza nilidhani ni mawazo. Lilikuwa kwenye ngozi ya pembeni, pale nilipochoma sindano siku zile bila kusikia kitu. Lilikuwa joto hasa, la kupendeza, na chini yake, kwa mara ya kwanza, nilisikia mkono wa mtu umenigusa. Ngozi yake ilikuwa na jasho kidogo. Miezi ile yote alikuwa pale na sikuwahi kumsikia.

Ningeweza kunyamaza. Uso wake ulikuwa umeinama, asingejua. Shemeji angeondoka na lori lake. Na nilinyamaza kidogo, kwa kuwa nilitaka kuusikia mkono huo zaidi.

"Mama," nikasema. "Iko moto."

Aliinua kichwa. "Mi bado sisikie moto."

"Mi nasikia. Na mukono yako pia naisikia."

Hakuamini. Aliniamuru nifumbe macho, akanigusa kwa ukucha hapa na pale kuzunguka kidonda, akiuliza, "Hapa? Na hapa?" na mimi nikajibu kila mara. Nilipofumbua macho alikuwa ameshasimama, ameshika kiuno kwa maumivu ya mgongo, anacheka meno nje.

"Basi umepona, mutoto yangu. Sasa unajichunga weye mwenyewe."

Akateremsha mkono wa gauni lake, akanisogezea taa nyuma kidogo, akatoka kumwambia shemeji. Nilimsikia akiuliza lori liko wapi. Kengele ilikuwa bado haijalia, na sheria ya sista ilikuwa kwamba mgonjwa hatikisiki mpaka kengele ilie.

Sista aliporudi alikuta kigoda kitupu, akashtuka. Nilimweleza. Akanijaribu mwenyewe kwa pamba na sindano, akafurahi mno, akawaita wauguzi waje wanione, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba mimi ni mgonjwa wa kwanza katika chumba kile ambaye kuanzia kesho anaweza kukaa chini ya taa peke yake.

Nilimwambia kazi hiyo naijua toka zamani.